Mwaka Kondoo Walipotupa Mimba

Wifi yangu Uyanga alikuwa na sauti ambayo kondoo hawakuweza kuikatalia. Kwa watu ilikuwa sauti ya kawaida tu, na akiombwa aimbe harusini alijificha nyuma ya mgongo wa kaka yangu Sambuu. Lakini mpeleke kwa kondoo jike aliyemkataa mwanawe, halafu kaa pembeni uangalie. Alikuwa anachuchumaa, anamkumbatia shingo, anaanza wimbo wetu wa kubembeleza, toig, toig, toig, polepole, na yule kondoo aliyekuwa akirusha mateke anatulia, anamnusa mtoto, anamwachia chuchu. Mama alikuwa akisema mbele za watu kwamba mimi, Dulam, binti yake wa kumzaa, nikiimba kondoo wanakimbilia Urusi.

Nilikuwa nimerudi nyumbani wakati wa baridi, ndoa yangu imevunjika na mimi mwenyewe nimechoka kupika kwenye bweni la shule huko makao ya wilaya. Mama hakuniuliza kitu. Alinipa ndoo akanionyesha zizi. Tulikuwa na ger mbili chini ya kilima cha mawe, hema moja la Sambuu na mkewe, jingine la Mama, na mimi nililala kwa Mama nikimsikiliza akikoroma.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kikatili. Kondoo walifika Machi wakiwa mifupa na manyoya, wengine wakazaa wakafa palepale, na yatima wakajaa nyuma ya jiko la Mama wakilia kutwa. Halafu kondoo wengine, tena wale waliokuwa na afya, wakaanza kutupa mimba. Ulikuwa unatoka asubuhi kuwasha moto wa mavi makavu, unakuta kitoto kisicho na uhai kwenye barafu na mama yake amesimama juu yake, haelewi.

Kwetu hakuna kinachopotea. Kondoo aliyetupa mimba bado ana maziwa, na yatima ana njaa. Basi unachukua kondo la nyuma la yule aliyekufa na maji yake, unampaka yatima mwili mzima, kichwani, mgongoni, chini ya mkia, mpaka anuke kama mtoto wa yule kondoo. Ndipo unaimba. Kazi hiyo inafanywa kwa mikono mitupu. Nilipomuuliza Mama kuhusu glavu, alisema kondoo hajawahi kuzaa mtoto mwenye harufu ya duka.

Na mikono ilikuwa ya Uyanga, kwa sababu kondoo walimtaka yeye. Kila asubuhi Mama alisimama nje akiita, "Uyanga, mwanangu, mwingine huyu," na Uyanga alitoka akikunja mikono ya deli yake, lile joho letu refu, mpaka juu ya viwiko. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Walikuwa wamekaa miaka sita kwenye ndoa bila mtoto, na wanawake wa bonde letu wenye midomo walishaanza kumwambia Sambuu kwamba mjini kuna wasichana wengi. Mimba ile ilipoanza kuonekana, kaka yangu alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa lililojaa hadi ukingoni.

"Wewe utajifungulia zizini," nilimtania siku moja nilipomkuta amepiga magoti kwenye samadi.

"Bora zizini kuliko jikoni kwako, wifi. Nasikia watoto wa bweni walikuwa wanakimbia shule."

"Walikuwa wanakimbia hesabu, si supu yangu."

Alicheka, akajifuta jasho usoni kwa mkono uleule. Niliiona damu ikibaki kwenye shavu lake. Sikuwaza kitu, hakuna aliyekuwa anawaza kitu, maana ndivyo bibi zetu walivyofanya na bibi zao.

Aliyewaza ni Lhagva, daktari wa mifugo. Alikuwa anapita na pikipiki yake kwenda bonde la pili, akasimama kuomba chai. Kabla hajashuka alimwona mbwa wetu akitafuna kitu nyuma ya zizi. Alikwenda akamfukuza, akaona ni kitoto kilichotupwa, akarudi uso umebadilika. Mama alishamjazia bakuli la chai ya chumvi, lakini hakulishika. Aliuliza kondoo wangapi wametupa. Mama alisema wachache. Mimi nikasema wengi, na Mama akanikata jicho.

Ndipo Uyanga akaingia, tumbo mbele, mikono imelowa, yatima kwapani. Lhagva alimtazama mikono, akamtazama tumbo, akasimama.

"Dada, mweke chini huyo. Kanawe. Kwa sabuni, mpaka juu."

Alitueleza kwa maneno machache. Kuna ugonjwa wa mifugo, bruselosi, unaofanya kondoo na mbuzi watupe mimba. Vijidudu vyake vinajaa kwenye kondo na kwenye maji ya uzazi, pia kwenye maziwa mabichi. Mtu akishika, vinamwingia hata kwa mkwaruzo mdogo, hata akijifuta jicho. Kwa mtu unaleta homa inayokuja na kuondoka, na maumivu ya viungo yanayoweza kukaa miaka. Kwa mwanamke mjamzito, alisema, na hapo akakatiza, akamgeukia Sambuu aliyekuwa ameingia nyuma yetu.

"Kondoo hawa niliwachanja mwaka juzi, au siyo?"

Sambuu aliangalia buti zake. Nikamwelewa kaka yangu kabla hajafungua mdomo, maana tangu utotoni akikosa huwa anaangalia miguu. Siku ya chanjo alikuwa amewaficha kondoo wake bora nyuma ya kilima, akampelekea Lhagva wazee na vilema, kwa sababu watu walisema sindano ile ndiyo inayowafanya kondoo watupe mimba. Bonde zima lilisema hivyo. Mama naye alisema hivyo.

Lhagva hakumgombeza. Alichukua damu ya kondoo kadhaa, akasema atarudi na majibu, na kwamba Uyanga asiguse tena uzazi wa mnyama yeyote, na aende hospitali akapimwe. Aliondoka chai yake ikiwa imepoa, na kwa Mama hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote aliyoyasema.

"Mtoto yule nilimfahamu akiwa na kamasi," Mama alisema. "Leo ananifundisha kondoo."

Sambuu alisema Uyanga atakwenda hospitali, ila baada ya kuchana mbuzi. Ulikuwa wakati wa kuchana manyoya laini ya mbuzi, na sisi wa bonde tunachaniana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Ikijulikana tuna ugonjwa, hakuna mtu atakayekanyaga kwetu, wala kununua mtindi wetu, wala kuchanganya mifugo na yetu mtoni. Alinitaka niape nitafunga mdomo. Nilimwambia sitaapa, lakini nitanyamaza mpaka mbuzi waishe. Kusema kweli nilikuwa naogopa sana. Nilikuwa namtazama Uyanga akila, akilala, akikuna mkono, kila kitu kwangu kilikuwa dalili.

Kazi ya kupaka ikawa yangu. Nilivaa mifuko ya plastiki mikononi na kitambaa puani, Mama akaniambia nafanana na mtu anayekwenda kuiba asali. Kondoo walinikataa mmoja baada ya mwingine. Nilipaka, nikaimba mpaka koo likakauka, walinipiga mateke, na yatima waliendelea kulia nyuma ya jiko, kila asubuhi sauti zikiwa chache kuliko jana. Uyanga alikuwa anakaa ndani akiwasikia. Alikunja na kukunjua nguo za mtoto ambaye hajazaliwa, huku machozi yakimtoka.

Halafu ikatokea asubuhi moja zizi liko kimya. Nilikwenda mbio. Nilimkuta Uyanga amepiga magoti, na kondoo ananyonyesha.

"Umefanya nini?"

"Mama aliniita," alisema. "Alikuwa analia, wifi. Sijawahi kumwona Mama analia."

Nilimvuta nikamsugua mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka akasema namuumiza. Mama alipokuja nilimfokea kama ambavyo mtoto hamfokei mzazi wake, na sijutii. Mama alinijibu kwamba yeye amezaa watoto saba na mikono yake ilikuwa kwenye kondoo mara zote saba. Nikamwambia wawili ndio tulio hai. Hilo liliponitoka aliokota ndoo, akaenda zake.

Homa ilianza wakati tunachana mbuzi wa mwisho. Mchana Uyanga alikuwa mzima, anataniana na majirani waliokuja kutusaidia, jua likianza kulala anatetemeka, na asubuhi shuka limelowa jasho. Mgongo ulimuuma, kisha nyonga, kisha akawa hawezi kuinama. Mama alisema ni mimba, mimba ya mtoto wa kiume ina joto. Alisema hivyo lakini alikuwa anakwenda kumgusa paji la uso kila mara, akitoka anasimama nje peke yake akiangalia kilima. Sambuu alisema ngoja kesho. Kesho ikafika, upepo ukavuma kutoka jangwa la Gobi, vumbi likawa jekundu mpaka huoni zizi, na Sambuu akasema pikipiki haiwezi.

Mchana ule Uyanga alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Hajacheza," alisema. "Tangu jana mtoto hajacheza."

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa anaangalia buti zake. Nilivaa deli yangu, nikajifunga kitambaa usoni, nikatoka. Sambuu alinifuata nje akinishika bega, akasema nikienda kwa Handaa kila mtu atajua.

"Basi wajue," nilimwambia. "Unataka kuzika nini, siri au mtoto?"

Handaa ndiye jirani pekee mwenye furgon, lile gari la Kirusi la kijivu, na ndiye mwenye mdomo mrefu kuliko wote. Nilifuata kamba za mazizi na mawe ninayoyajua tangu utoto, mchanga umejaa macho na meno. Njia nzima nilikuwa natafuta uongo mzuri. Nilipoingia kwake na kumkuta anakata tambi, uongo wote ulinitoroka. Nikamwambia kila kitu, kondoo, kondo, homa, Lhagva, na kwamba juzi alikuwa amekaa kwetu akichana mbuzi wetu na kula malai ya maziwa yetu mabichi.

Handaa aliweka kisu chini.

"Na mjukuu wangu naye alikula hayo malai," alisema.

"Najua."

"Mngeniambia lini?"

Alinawa unga mikononi, akachukua ufunguo. Njiani kurudi kwetu kumchukua Uyanga hakunisemesha hata neno, ila aliendesha kwenye vumbi lile kana kwamba barabara ilikuwa inaonekana.

Hospitali ya mkoa ilikuwa mbali, tulifika asubuhi. Uyanga alilala mapajani kwangu nyuma ya gari, na kila gari liliporuka alishika tumbo. Nilikuwa namwongelesha upuuzi, habari za bweni, za mwalimu aliyepata panya kwenye buti, ili asilale. Niliogopa akilala. Sambuu alikaa mbele karibu na Handaa, mgongo umepinda, hakugeuka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye kope nzito za usingizi. Alimpaka Uyanga mafuta tumboni, akaweka kile kifaa, akakisogeza, akakisogeza tena. Hatukusikia chochote isipokuwa mkwaruzo. Alikisogeza chini kabisa, ubavuni. Mimi nilishaanza kufikiria namna ya kumshika kaka yangu asianguke. Kisha moyo ukasikika, wa haraka haraka, hafifu, kama farasi anayesikika kutoka bonde la pili.

"Yupo," daktari alisema. "Lakini amechoka. Na mama yake ni mgonjwa sana. Mmechelewa."

Damu ilithibitisha kile alichosema Lhagva. Walimlaza, wakampa vidonge ambavyo ni salama kwa mjamzito, vya wiki nyingi, vyenye rangi kali hata mkojo na machozi yalitoka ya rangi ya chungwa. Uyanga aliogopa akidhani analia damu. Daktari alituonya kwamba mimba bado inaweza kutoka wakati wowote. Mimi nilibaki naye. Kila asubuhi swali lilikuwa lilelile, amecheza, hajacheza, na nilijifunza kusoma jibu usoni pake kabla hajasema.

Huko nyumbani Lhagva alirudi na watu wa wilaya. Walipima kundi zima. Kwenye kisahani cheupe tone la damu lilichanganywa na dawa ya waridi, na kila lililoganda vipande vipande, kondoo wake alipakwa rangi nyekundu usoni akatengwa. Wengi waliopakwa walikuwa wale waliobembelezwa na Uyanga. Sambuu aliniambia kwamba lori lilipokuja kuwachukua kwenda kuchinjwa, yatima waliokuwa wamekubaliwa nao walikimbia nyuma ya lori mpaka mtoni.

Watu nao walipimwa. Mjukuu wa Handaa alikuwa salama, na Handaa mwenyewe. Sambuu salama. Mimi nilipimwa kule hospitali nikakutwa na ugonjwa kidogo. Mama alikutwa nao sana, tena wa zamani, yaani yale magoti yake aliyolaumu baridi miaka yote ndiyo yalikuwa ugonjwa wenyewe. Lhagva alipomwambia, Mama alimsogezea uso.

"Nami nipake rangi," alisema. "Unipandishe kwenye lori."

Alimeza dawa zake bila kubishana. Mama yangu, aliyebishana na kila mtu tangu namjua, alimeza alichopewa. Alianza kunawa. Alinawa kabla ya chai na baada ya chai, kwa sabuni na majivu, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Aliacha kumpa mtu bakuli mkononi, aliliweka chini akarudi nyuma. Lhagva alimweleza, mimi na daktari wa mkoa tulimweleza kwa simu, kwamba ugonjwa huu mtu hampi mtu kwa kumshika. Tuligonga mwamba.

"Mwanzoni mlisema nisiguse, nikagusa," alinijibu. "Sasa mnasema niguse."

Mtoto alizaliwa Julai, kabla ya wakati wake kidogo, mdogo, mwekundu, mwenye kelele. Wa kiume. Walimpima damu, akawa safi. Sambuu alipopigiwa simu kuambiwa, alishindwa kusema, tukasikia tu pumzi zake na mbwa akibweka nyuma yake.

Tulimleta nyumbani malisho ya kiangazi, ger ikiwa imefunguliwa chini kuingiza upepo. Majirani walikuja, Handaa akiwa wa kwanza, na malai yake mwenyewe aliyoyachemsha mpaka yakaungua, akatuambia ndiyo malai salama bonde zima, tukacheka. Kila mzee aliinama akamnusa mtoto kichwani, maana kwetu mtoto mchanga hunuswa, mpaka kila mtu akawa amemnusa isipokuwa bibi yake.

Mama alisimama hatua moja ndani ya mlango, mikono nyuma, macho ameyafinya. Ukungu ulikuwa umeyaingia macho yake tangu mwaka juzi, hata sindano alikuwa anamtungisha mtu uzi.

"Mama, njoo umnuse," Uyanga alisema.

"Akikua."

"Damu yake ni safi. Yangu nayo inasafika. Daktari alisema..."

"Daktari hakukuita zizini," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kana kwamba anaongea habari ya kuni. "Mimi ndiye nilikuita. Kila asubuhi niliita mimi. Na ile ya mwisho nilijua."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka pia kumtikisa mabega, vyote kwa pamoja.

"Nionyeshe uso tu," alisema. "Kutoka hapohapo."

Uyanga alifunua blanketi, akamwinua mtoto kuelekea mlangoni. Mtoto hakupenda mwanga, akageuza kichwa akajificha kifuani kwa mama yake, na kilichobaki upande wa mlango kilikuwa kisogo tu na nywele zake zilizolowa. Mama alinyoosha shingo. Mikono haikutoka nyuma. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mtoto mbaya kweli," alisema, kama tunavyowasema watoto wachanga ili shetani asiwatamani. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu Machi. "Ana pua ya Sambuu."

Uyanga alimtazama Sambuu, Sambuu akanitazama mimi.

"Ndiyo, Mama," Uyanga alisema. "Ya Sambuu kabisa."